Kufuli la Wodi ya Kilimamawe

Landhi za Reli, Nakuru
6 Februari 1955

Kwa dada yangu Eucabeth,

Nyumba nzima inakusalimu. Goti la Mama limepungua uvimbe tangu aanze dawa ulizotuma. Anasema yaliyomponya ni maombi ya akina mama wa Jumatano, nami nimemwacha aamini hivyo mradi azimeze. Jirani yetu Wasike, nyapara wa genge la reli, amepata mtoto wa sita, na sasa akimwita mmoja hutaja majina ya wote mpaka afikie lile analolitaka.

Naandika Kiswahili kwa sababu karani wa posta amenishauri hivyo. Anasema barua za Kijaluo hukaa sana siku hizi, kwa kuwa wanaozifungua hawazielewi. Hii itakufikia upesi, ikiwa na gundi yao juu ya gundi yangu.

Sasa niingie katika jambo lenyewe. Jumanne alfajiri ardhi ilitikisika hapa. Vikombe viligongana kabatini, mbwa wa nyumba zote hizi za landhi wakabweka pamoja, kisha kukawa kimya. Katika daftari langu la kila siku hilo ni tetemeko la tatu tangu Krismasi. Je, huko Gilgil mlilisikia? Nina maswali, na nakuomba uyajibu kwa nambari kama ninavyoyaandika.

1. Kuta za wodi yenu ya wazazi zimejengwa kwa nini, na juu yake kuna uzito gani?
2. Mama asiyeweza kutembea mnamtoa vipi?
3. Mlango wa wodi unafungwa upande gani, na ufunguo unalala wapi?

La tatu unajua kwa nini nauliza. Tulikuwa wote kule Solai.

Ndugu yako,
Dalmas Owuor


Hospitali ya Kilimamawe, Gilgil
27 Februari 1955

Omera Owuor, ndugu yangu,

Nimefurahi kusikia habari za goti. Mwambie Mama maombi na dawa havigombani. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku imenipasua midomo. Wiki hii tumezalisha pacha wawili, na baba yao, mchungaji wa ng'ombe wa mzungu, alisimama nje akauliza kama wa pili ni wake pia. Nilicheka mpaka Matroni akanitazama.

Nawe ulinichekesha kwa nambari zako. Tangu utoto ulikuwa ukihesabu maharagwe kabla ya kuyala.

Haya. Kuta ni za mawe yaliyochongwa hapa hapa kilimani, yameshikwa kwa chokaa na simenti kidogo. Paa ni mabati. Mwisho wa wodi, ukutani kabisa, kuna nguzo za mawe zilizobeba tangi la maji, ili maji yateremke yenyewe hadi chumba cha upasuaji. Kila mgeni hulisifu tangi hilo. Mimi nimeanza kulitazama kwa jicho jingine, maana treni ikipita chini ya kilima, vitanda vya upande ule hucheza. Kutoka pembe ya dirisha hadi juu kuna ufa. Nimebandika kipande cha karatasi juu yake kwa gundi ya unga. Karatasi ikipasuka, nitajua ukuta umesogea. Madirisha yana vyuma tangu mwaka jana, kwa ajili ya hii Hali ya Hatari.

Mama asiyeweza kutembea tunambeba kwa blanketi. Machela ya hospitali hii, kama unavyojua, hukaa ndani ya ambulensi yenu huko Nakuru. Paka wa jikoni amezaa ndani ya kapu la nguo za wagonjwa, na hakuna aliye na moyo wa kumtoa.

Nami nina swali moja, halihitaji nambari. Dereva wa ambulensi ni wewe. Ukuta ukianguka na simu ikapigwa, gari litatufikia?

Dada yako,
Eucabeth Anyango


Nakuru
13 Machi 1955

Dada Eucabeth,

Salamu nyingi. Mama anatembea hadi bombani na kurudi. Mvua bado, na vumbi la ziwani linaingia mpaka kwenye unga. Wasike anakusalimu. Anasema genge lake sasa likisikia mtikisiko wowote, hata usiku wa manane, lazima likague njia ya reli kabla treni haijapita, na mke wake amechoka kuamshwa na ardhi.

Umenijibu kuhusu mawe, chokaa, tangi, mabati, hata paka. La tatu umeliruka.

Nilimuuliza Mama kama anakumbuka Solai, mwaka wa ishirini na nane. Aliacha kuchambua mchele. Alisema nyumba yetu ya miti na udongo iliinama kama mlevi lakini haikuanguka, ila fremu ya mlango ilibana, na Baba akatutoa kwa shoka kupitia ukutani, wewe kwanza. Duka la mawe pale stesheni lilimwangukia mwenyewe akiwa mlangoni anapapasa mfuko atafute ufunguo. Mama hajafunga mlango kwa ndani tangu siku hiyo. Watu wa landhi humwambia, "Mama Eucabeth, utaibiwa." Huwajibu, "Mwizi hubisha hodi kwanza. Ardhi haibishi."

Kuhusu gari usiwe na wasiwasi. Usukani ni wangu na barabara naijua. Ukipiga simu tutafika kabla chai yenu haijapoa.

Nijibu la tatu.

Owuor


Kilimamawe
10 Aprili 1955, Jumapili ya Pasaka

Omera,

Kristo amefufuka. Tumeimba leo wodini, wagonjwa na sisi, na hata Kiplangat, askari wa lango, aliingia akasimama karibu na mlango na kofia mkononi. Barua yako ilinifikia juzi tu, imelowa gundi.

Nafurahi kusikia hilo la gari. Nimelisoma mara kadhaa.

Karatasi yangu ilipasuka wiki jana. Nikabandika nyingine, nayo ikapasuka. Nilikwenda kwa Matroni nikamwomba tuwahamishie akina mama kwenye mabanda ya zamani ya miti na udongo yaliyo nyuma, mpaka fundi atazame ukuta. Alinisikiliza vizuri, si mtu mbaya. Akasema, "Nesi, tulihangaika miaka mingi kuwatoa wanawake hawa kwenye udongo ili wazae mahali safi. Leo niwarudishe kwa sababu ya karatasi?" Nikamwambia karatasi imepasuka mara mbili. Akasema ataandika kwa wakubwa.

Kuhusu la tatu, usiliulize tena kwa posta.

Msalimie Mama. Mwambie ninalala vizuri.

Eucabeth


Kilimamawe
24 Aprili 1955
(Kwa mkono wa Cheptanui, muuza maziwa)

Owuor ndugu yangu,

Cheptanui huja soko la Nakuru kila wiki, na hakuna anayefungua debe la maziwa kutafuta barua. Kwa hiyo leo nasema.

Ufunguo ninao mimi.

Tangu mwaka jana kuna amri: wodi ifungwe kwa kufuli, upande wa nje, kuanzia jua linapotua hadi asubuhi. Baadhi ya akina mama ni wake za watu walio kizuizini, na wakubwa hawataki mmoja aondoke au mtu aingie. Anayefunga ni mkunga. Nawapa uji, nawatakia usiku mwema, natoka, nabana kufuli. Kiplangat hupita akalivuta aone limekaa. Kisha nakwenda chumbani kwangu ng'ambo ya ua na ufunguo shingoni. Ulidhani mimi ndiye ninayefungiwa, Owuor. Nilikuacha udhani hivyo. Mtoto aliyetolewa kwa shoka leo ndiye anayefungia wengine.

Kuna mmoja anaitwa Njoki. Mumewe alichukuliwa kabla hajajua kama mkewe ana mimba. Alijifungua mvulana wiki iliyopita, na wakubwa wamesema asiruhusiwe kuondoka mpaka waje kumchukua wao. Juzi nikifunga alisema kutoka ndani, si kwa hasira, "Nesi, ukienda kulala usisahau kwamba una sikio." Nikamuuliza maana yake. Akasema, "Ukuta ukisema, sisi tutausikia kwanza. Wewe ndiye utahitaji kutusikia sisi."

Sasa hesabu yenyewe ni hii. Nikiacha kufuli wazi na Njoki akaondoka, nitashtakiwa kwamba nimemsaidia, na unajua shtaka hilo mwaka huu linampeleka mtu wapi. Nikilibana na ukuta ukaanguka, mimi niko ng'ambo ya ua, na fremu inaweza kubana kama ile ya Solai, na hata ufunguo usifae kitu. Hapo watakaobaki ni ninyi, na nyundo zenu, na machela yenu.

Kwa hiyo ninafunga kwa sababu ya neno lako. Kama gari linafika, ninaweza kuendelea kufunga. Niambie tena, na uniambie kama unavyoandika kwenye lile daftari lako, si kama unavyomwambia dada.

Eucabeth


Nakuru
28 Aprili 1955
(Kwa mkono wa Cheptanui)

Dada,

Gari halitafika.

Banda la ambulensi ni la mawe kama wodi yenu, na juu ya milango yake miwili mizito kuna linta, boriti moja ndefu iliyopasuka katikati. Kila ardhi inapotikisika linta inashuka kidogo na milango inakwama. Mwezi wa pili tuliifungua kwa mtaimbo, watu watano. Nilimwomba mkubwa wetu gari lilale nje. Akasema gari la nje litaibwa na watu wa msituni, na mimi nitajibu. Nilirudi kumwomba, akaniuliza kama mimi ni dereva au mhandisi.

Nilijua haya nilipokuandikia habari za chai. Sikutaka ukose usingizi. Usinitegemee. Fanya unaloona.

Owuor

Nimeongeza, 4 Mei: Cheptanui hakuja sokoni. Barabara ya Gilgil imefungwa kwa ajili ya msako. Barua hii siwezi kuitia posta. Iko mezani.

6 Mei: Bado.


Kilimamawe
15 Mei 1955
(Kwa mkono wa Wasike)

Omera,

Ile asubuhi ya Jumamosi hatukupata nafasi ya kusema hata neno moja. Ulikuwa na Zeddy, yule mama aliyepondwa mguu, nami nilikuwa na wengine, na watu walikuwa wengi. Wasike amenipa barua yako ya tarehe 28 leo tu. Nimeisoma nimesimama.

Usijilaumu kwamba ilichelewa. Nilikuwa nimekwisha kupata jibu. Wewe ni mtu wa kujibu kwa nambari. Wiki ilipopita bila neno lako, nilijua gari halitoki. Kama ungekuwa na habari njema, ungepata njia ya kuileta, hata kwa mguu.

Kwa hiyo Alhamisi jioni nilitoa uji, nikawatakia usiku mwema, nikatoka, nikaning'iniza kufuli kwenye pete bila kulibana. Kwa mbali lilionekana limefungwa. Nilijificha nyuma ya pazia langu nikamtazama Kiplangat anapita. Alilivuta kama kawaida. Likafunguka mkononi mwake. Akalitazama, akalirudisha kama alivyolikuta, akaja hadi dirishani kwangu. "Nesi," akasema, "kufuli lile limezeeka kama mimi. Halina meno." Nikasema, "Ndivyo, baba." Akasema, "Mzee hasemwi," akaenda zake langoni. Ijumaa alilivuta tena, akaliacha lilivyo.

Jumamosi kumepambazuka, mimi nafunga kitambaa kichwani, ndipo lilipokuja tetemeko. Ulilisikia mwenyewe. Nilianguka, nikainuka, nikaona nguzo za tangi zinapiga magoti moja baada ya nyingine, na tangi likaingia wodini kwa upande wa ufa. Sikumbuki nilivukaje ua. Lakini nilipofika mlangoni akina mama walikuwa wameusukuma, kufuli likaachia, nao wanatoka. Fremu ilikuwa imebana, mlango ulikuwa umefunguka upana wa mtu mmoja akipita kwa ubavu. Wakapita kwa ubavu, watoto vifuani. Kama kufuli lingekuwa limebanwa, fremu ile ingelishika, na ufunguo wangu ungekuwa kipande cha chuma.

Njoki alikuwa wa kwanza kutoka. Alimlaza mwanawe kwenye nyasi, akarudi ndani. Yeye ndiye aliyemvuta Zeddy kutoka chini ya jiwe, mimi nikiwa nyuma yake. Alimvuta kwa kwapa huku akimwambia, "Nitukane, nitukane tu, lakini usilale." Zeddy akamtukana kwa Kikalenjin mpaka nje.

Nilipowaita majina, Njoki hakuwepo, wala mtoto. Blanketi lilikuwa limekunjwa vizuri kwenye nyasi.

Afisa mmoja amekuja mara mbili. Anasema mlango wa wodi hauvunjiki kwa tetemeko, ulifunguliwa kwa makusudi. Anataka kufuli. Kufuli halionekani. Kiplangat ameulizwa, amesema macho yake hayaoni vizuri. Wewe pia utaitwa, kwa kuwa ulifika wa kwanza kutoka nje. Mimi nimesimamishwa kazi mpaka wamalize.

Sikuombi kitu. Nakueleza tu ili usishtuke.

Mama anaendeleaje?

Eucabeth


Nakuru
22 Mei 1955
(Kwa mkono wa Wasike)

Dada Eucabeth,

Mama hajambo. Nyumba ilitikisika, yeye akawa wa kwanza nje, goti na yote, akiwaita majirani waliokuwa wakihangaika na komeo zao. Tangu siku hiyo hakuna anayemcheka.

Zeddy nilimtembelea jana. Mguu hautakatwa. Atachechemea. Anauliza habari za "yule mwanamke wa matusi." Nilimwambia sijui, na ni kweli.

Sasa upande wangu. Linta ilishuka, milango ikakwama, tukapiga kwa nyundo na mtaimbo. Simu iliita ndani ya ofisi, tukaisikia wote, na gari liko mbele yetu nyuma ya mbao. Sitaisahau sauti ile. Nikaacha nyundo nikakimbia hadi kwa Wasike. Genge lilikuwa linapanda toroli kukagua njia kuelekea Gilgil. Akasema, "Panda, lakini nitasimama kwenye kila daraja, hata kama ni dada yako." Akasimama kwenye kila daraja. Nilishuka nikalisukuma kwenye kila mlima. Ndivyo tulivyofika, bila gari, bila machela, tumechelewa.

Nilipomwona Zeddy nilitafuta kitu kirefu cha kumlaza. Mlango tu ndio uliokuwepo. Tuliung'oa bawabani mimi na Wasike na watu wa genge, tukambebea juu yake mpaka kwenye reli.

Waliniita Jumatano. Afisa akauliza, "Mlango ulikuwa wazi au umefungwa?"

Nikasema, "Bwana, mlango huo naukumbuka vizuri ukiwa begani mwangu, na mgonjwa juu yake."

Akasema, "Nauliza kufuli."

"Nilikwenda kutafuta watu, bwana."

Akanitazama sana. Akauliza, "Kwa nini mliharibu mlango wa hospitali? Machela haikuwepo?"

Hilo, dada, nililijibu kwa ukamilifu. Nilimwomba aandike. Moja, machela ilikuwa ndani ya ambulensi. Mbili, ambulensi ilikuwa ndani ya banda. Tatu, banda lilikuwa chini ya linta iliyopasuka. Nne, nilitoa habari za linta hiyo mara mbili, nikataja aliyenijibu na alichonijibu. Tano, hospitali zote hadi Gilgil zilikuwa zimeambiwa gari lipo. Alipofika kwenye nne kalamu yake ilipunguza mwendo. Kwenye tano aliiweka chini. Akasema kama mambo ya mlango yataandikwa, basi na haya yataandikwa, na yatasomwa Nairobi. Nikasema ndivyo ninavyoelewa mimi pia.

Akafunga jalada. Sijui itakuwaje. Mkubwa wangu ameniondoa kwenye usukani, sasa ninaosha magari. Lakini ninayaosha nje, kwa sababu ndiko yanakolala siku hizi.

Ile ahadi ya chai sikupaswa kuiandika. Nimeiandika katika daftari pia, kwa tarehe yake.

Owuor


Zahanati ya Mau Narok
19 Juni 1955
(Kwa mkono wa dereva wa lori la viazi)

Omera,

Baridi ya huku ni kali kuliko ya Gilgil, lakini viazi ni vitamu na maziwa hayana maji. Wamenihamisha. Hawakusema kosa, wala hawakusema sina kosa. Matroni alinisindikiza hadi kwenye lori, akanipa mkono. Akasema akina mama sasa wanazaa kwenye mabanda ya nyuma, na wodi inabomolewa. Kisha akasema, "Nesi, ile karatasi," akashindwa kumaliza, nami nikamwambia ninayo gundi ya kutosha.

Zahanati yangu ni ya miti na udongo, paa la nyasi. Mvua ikinyesha upande mmoja unavuja. Ninalala vizuri, na safari hii si maneno ya kumpelekea Mama.

Nina swali moja. Asubuhi ile, kabla hamjafika, kufuli lilikuwa linaning'inia kwenye pete, ulimi wazi, hakuna alama ya kuvunjwa. Nililiona, mikono yangu ikiwa imejaa watoto. Baadaye halikuwepo. Lilikwenda wapi?

Eucabeth


Nakuru
24 Juni 1955
(Kwa mkono wa dereva yule yule)

Dada,

Barua yako imefika leo, nami ninajibu leo.

Mama anakusalimu. Kufuli lako, nililolitia mfukoni tulipoung'oa mlango, analo yeye. Ameliweka chini ya mlango wa jikoni ili upepo usiufunge.

Owuor